Suruali ya Baba Yohana

Tulipotoka kumzika Shangazi Perusi, watu walirudi nyumbani alikoishi, Mkonze, pembeni mwa Dodoma, kunawa mikono na kula. Nikajikuta nimekaa kwenye mkeka katika sebule ambayo siku zangu haikuwa na paa. Sasa ilikuwa na dari nyeupe ya jipsamu na sakafu ya vigae vinavyoteleza, na swichi za taa zilimetameta ukutani kama vifungo vya shati jipya. Baba mdogo alikuwa ameimaliza nyumba yake hatimaye. Wanawake wa karibu yangu waliisifia kwa sauti ya chini inayofaa msibani. "Nyumba imekaa vizuri," alisema mmoja. "Perusi kaitunza kama mtoto," alijibu mwenzake, akimega ugali. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuweka macho. Kila ukuta niliutambua chini ya rangi yake, kama unavyomtambua mtu aliyejipodoa. Pale lilikuwa lundo la kokoto. Pale upepo wa Julai uliingia kwa meno. Na pale, kwenye kona ambapo sasa palikuwa na televisheni, ndipo nilipokuwa nasimama na kukohoa kama mwanamume.

Mwezi mmoja kabla ya msiba huo nilikuwa katika kikao cha wasomaji wa riwaya zangu hapa mjini, na mwalimu mmoja wa sekondari alinyanyuka akaniuliza, "Dada, hawa watoto maisha hayawatishi vya kutosha, mpaka muwaandikie na vitabu vya kuwatisha?" Watu walicheka, nami nikacheka nao. Nikajibu kwa maneno mazuri ya kwenye makongamano, kuhusu fasihi na ujana na giza la nafsi. Mwalimu alikaa bila kuridhika, na alikuwa na haki. Jibu lenyewe lilikuwa Mkonze, nililiacha huko nikiwa na miaka kumi na tisa, na nililikuta nimekaa juu ya mkeka wa msiba na sahani ya maharage mapajani.

Ule ndio mwaka ambao serikali ilikuwa inahamia Dodoma kwa kishindo, na kila aliyekuwa na kiwanja alianza kuinua ukuta hata kama hakujua ataumaliza lini. Mkonze ilijaa mapagale: nyumba zisizo na paa, nondo zikichungulia angani, miiba ikiota vyumbani. Lakini pagale halijilindi. Likiachwa tupu, nondo zinakatwa, fremu za milango zinang'olewa, na siku moja unakuta mtu mwingine ameweka bikoni zake za mipaka. Kwa hiyo kila pagale lilipewa ndugu. Ndugu huyo hakuwa mlinzi wa kuajiriwa wala mwenye nyumba. Alikuwa jamaa ambaye familia imekubaliana kwamba hana cha kufanya. Shangazi Perusi alikuwa ndugu wa pagale la Baba mdogo kwa mwaka wa sita. Mimi nilipomaliza kidato cha sita, nikisubiri matokeo, niliambiwa nikamsaidie wiki mbili tu, mpaka bati zije.

Vyumba vilikuwa vinne na sebule, na chumba kimoja tu kilikuwa na bati. Humo tulilala wawili, pamoja na mifuko ya saruji iliyokwisha kuwa mawe. Madirisha tuliyaziba kwa viroba vya sukari vilivyopasuliwa, na upepo ulipovuma viroba vilivuta pumzi ndani, vikatoa nje, siku nzima, kama kifua cha mgonjwa. Tulipika uani kwa mafiga. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, mchana mlenda, jioni mlenda, na Jumapili mlenda wenye karanga. Shangazi alikula akiwa ameigeukia njia. Hata kijiko cha mwisho kilipofika mdomoni, macho yake yalikuwa kwa wapita njia.

Na kulikuwa na Baba Yohana. Siku yangu ya kwanza nilimwona Shangazi akitoa suruali ya kijivu kwenye beseni, ameilowesha bila sabuni, akaitundika kwenye kamba mbele ya nyumba.

"Ya nani, Shangazi?"

"Ya Baba Yohana."

"Baba Yohana ni nani?"

"Hayupo," alisema, akiinyoosha miguu ya suruali. "Lakini watu hawajui kama hayupo."

Aliinunua mnadani, mwaka wake wa kwanza, baada ya fremu mbili kuibwa mchana kweupe. Tangu hapo kila asubuhi aliilowesha na kuianika, ili wapitao waone kuna mwanamume. Alipokuwa anatoka kwenda kwenye boza la maji aligeuka mlangoni na kusema kwa sauti kubwa, "Baba Yohana, chai yako iko mezani!" Hatukuwa na meza. Hakuwahi kuolewa, na Yohana hakuwahi kuzaliwa. Mimi nilipofika, kazi ilipata unafuu, kwa sababu sasa Baba Yohana aliweza kukohoa. "Ukisikia hatua zinapunguza mwendo, kohoa," Shangazi alinifundisha. "Kohoa ya tumboni. Hiyo ya kwako ya shuleni inawaita." Tulifanya mazoezi, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Sikujua kwamba nilikuwa nafundishwa kuwa mzimu.

Sheria ilikuwa moja: wote wawili tusitoke pamoja. Na kwa kuwa Shangazi ndiye aliyekuwa na kanisa, na soko, na wagonjwa wa kutembelea, mimi ndiye niliyebaki. Wiki mbili zikawa miezi miwili, kisha minne. Hakukuwa na kufuli. Mlango wetu ulikuwa wa mabanzi, ungeweza kuusukuma kwa goti. Nimewahi kuwasimulia watu hili na wakaniuliza kwa nini sikuondoka, na huwa nawajibu kwamba kufuli ni jambo la heri: mtu aliyefungiwa kwa kufuli anajua amefungiwa. Mimi nilikuwa nimefungiwa kwa neno "vumilieni", ambalo Baba mdogo alilisema kwenye simu kutoka Dar es Salaam kila Jumapili, kwa upole wa kweli.

Aliyeniletea kitabu ni Zulfa, tuliyesoma naye, ambaye mama yake alikuwa na duka la stesheneri na fotokopi Chang'ombe ya Dodoma. Alikuja Jumamosi moja, buibui lake limejaa vumbi jekundu, akasimama katikati ya sebule isiyo na paa akiangalia mawingu.

"We Elika! Humu ndimo mnamoishi? Humu hata jini angeomba uhamisho."

"Karibu ukae. Angalia hiyo nondo."

"Nimekuletea kitu. Ila ukishindwa kulala usinipigie simu, sina faraja ya kukupa."

Ilikuwa fotokopi ya riwaya, imebanwa kwa pini, haina jalada wala jina la mwandishi. Mteja alikuja kuitoa nakala, na nakala moja ya ziada ikabaki dukani. Ilimhusu msichana anayeitwa Adelina, aliyepelekwa kumwangalia bibi mgonjwa katika nyumba ya zamani kwenye shamba la mkonge. Nyumba ilisimamiwa na mwanamke mmoja mpole, Madamu, asiyewahi kupandisha sauti. Kila asubuhi Adelina alihesabu milango ya ukumbini. Jana saba, leo minane. Nyuma ya ukuta wa chumba chake kulikuwa na mtu anayepumua. Alipouliza, Madamu alimshika mkono na kumwambia amechoka, apumzike, nje kuna jua kali. Kurasa zikienda, Adelina alianza kusahau sura ya kwao, kisha jina la barabara iliyomleta. Mwishoni aligundua kwamba nyuma ya ukuta hakukuwa na mtu. Pumzi zile zilikuwa zake, na yeye ndiye aliyekuwa upande ule, tangu siku ya kwanza.

Niliimaliza kwa siku mbili, juani, nimeegemea mifuko ya saruji, na mwili ulinisisimka kama wa mtu mwenye malaria. Halafu nikaianza tena. Siwezi kusema iliniogopesha. Nilikuwa naogopa tangu zamani, bila kujua ninachoogopa. Kila mtu alikuwa mwema kwangu, kila mtu alinishukuru. Kile kitabu kilikuwa mtu wa kwanza kuniambia kwamba wema unaweza kuwa na kuta. Hilo ndilo nililopaswa kumjibu mwalimu. Kijana hatafuti hofu kitabuni, hofu anayo. Anatafuta nyumba ya kuiweka, yenye milango anayoweza kuihesabu, ili aizunguke aone ina ukubwa gani.

Shangazi aliniona nikisoma nikitikisa kichwa, akataka kujua. Kiswahili alikizungumza vizuri lakini kukisoma kulimchosha. Lugha yake ya ndani ilikuwa Kigogo. Basi jioni, jua likiwa bado ukutani, nikawa namsomea huku anapepeta uwele. Ungo ulisimama kwenye ukurasa wa tatu. "Maskini," alisema. "Na kwao hawajui?" Maishani mwake alikuwa amekutana na Biblia na kitabu cha nyimbo, basi. Kwake maneno yaliyopigwa chapa yalikuwa ushahidi wa watu walioona. Nilijua kwamba anamchukulia Adelina kuwa binti wa kweli, mahali fulani, sasa hivi, na sikumsahihisha. Mwanzoni ilinichekesha. Baadaye ilinifaa.

Ilinifaa kwa sababu wiki ile majina ya vyuo yalitoka. Zulfa aliniangalizia kwenye mtandao, akaja mbio na karatasi: nimepangiwa chuo Morogoro, kuripoti ndani ya siku kumi na nne, asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine. Shangazi alinikumbatia, akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akaangalia nondo. Jumapili Baba mdogo alipopiga, simu iliwekwa sauti kubwa.

"Hongera sana binti yangu. Lakini sasa hivi, Dada Perusi peke yake hapo? Mwaka huu bati zinaingia. Mwakani utaomba tena, si umefaulu? Ufaulu hauozi."

"Ndiyo, Baba mdogo," nilisema.

"Vumilieni."

Shangazi alikata simu kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayefumba kope za maiti. Nami sikujua namna ya kumwambia mtu mzima, aliyenipa blanketi lake zito akabaki na kitenge, kwamba ananizika. Shikamoo haina mlango wa kupitishia neno kama hilo. Basi nikaanza kulipitisha kitabuni. Nilipomsomea jioni ile, Madamu akageuka kuwa shangazi. Kesho yake nyumba ya mkonge ikapoteza paa. Siku ya tatu Adelina akapata barua ya chuo, na siku zake za kuripoti zikawa saba. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi, sauti haikutetereka, nikigeuza kurasa mahali panapostahili. Sentensi zangu za kwanza za riwaya nilizitunga hivyo, kwa mdomo, kwa hila, mbele ya msikilizaji ambaye ungo wake ulikuwa umeacha kabisa kutikisika.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya Shangazi kupokea ibada ya nyumba kwa nyumba. Akina mama sita walikuja alasiri, wakatandika vitenge vyao juu ya vumbi la sebule. Kiongozi alikuwa Mama Chilewa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyeingia akisema "Mbukwenyi!", na tulipomwitikia salamu yake ya Kigogo akaigeukia kamba ya nguo. "Baba Yohana naye hajambo? Mwambieni aje kanisani, suruali peke yake haiokoki." Walicheka, kwa sababu wao walijua. Waliimba, wakasoma, kisha Mama Chilewa akauliza mahitaji ya maombi. Mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa. Mwingine, mume aliyepotelea machimboni. Shangazi akainua mkono.

"Mimi nina binti. Anaitwa Adelina. Amefungiwa katika nyumba."

Niliinamisha uso, nikawa nachora vumbi kwa kidole.

"Mungu wangu," alisema Mama Chilewa. "Mtaa gani?"

"Elika ndiye anayejua habari zake."

Vichwa sita vilinigeukia. Ningesema ni hadithi tu, na wangecheka, na kicheko kile kingemfuata Shangazi mpaka mlangoni mwa kanisa kila Jumapili. "Ni mbali," nilisema. "Tanga huko."

"Mbali siyo dawa. Tanga kuna wenyeviti wa mitaa kama hapa. Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na anayemfungia ni nani? Mume?"

Nilifungua mdomo, lakini Shangazi alinitangulia. "Ni shangazi yake," alisema. Alikuwa anaangalia mikono yake. "Nyumba haijaisha. Wanailinda. Binti kaitwa chuo, na siku zinakwisha. Na huyo shangazi siyo mtu mbaya. Mimi nimesikiliza habari yake yote, siyo mbaya. Ni kwamba akimwachia, atabaki peke yake na ile nyumba."

Viroba vya madirishani vilivuta pumzi, vikatoa. Mama Chilewa aliinua macho polepole, akaangalia mahali ambapo paa lingekuwa, akaangalia nondo, kisha akaniangalia mimi, na sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya ng'ombe.

"Perusi, dada yangu. Zimebaki siku ngapi?"

"Tano," alisema Shangazi.

"Basi tusimwombee yule binti. Tumwombee shangazi, apate nguvu."

Wakaomba. Sijawahi kusikia maombi mazito kama yale, nusu Kigogo, nusu Kiswahili, wanawake sita wakimshikilia mabega mwanamke mmoja aliyelia bila sauti, nami nimepiga magoti nje ya duara, nikiona aibu na kiu ya kuondoka kwa wakati mmoja. Mpaka leo sijui kama Shangazi aliamini kweli kwamba Adelina yupo. Huenda aliamini mwanzoni tu. Huenda alijua tangu Madamu alipogeuka shangazi, akaniacha niendelee kusoma kwa sababu hata yeye hakuwa na mlango mwingine wa kulipitisha neno lile. Nilikusudia kumuuliza. Nilikuja kumtembelea mara nne katika miaka yote hiyo, kila mara na zawadi, kila mara na haraka.

Jumatatu asubuhi aliniamsha, begi langu likiwa limeshafungwa. Alikuwa amepanga kila kitu. Mama Chilewa angenisindikiza mpaka stendi. Nauli ilitoka kwa akina mama wale. Na Baba mdogo asingeambiwa kwanza. "Akipiga nitamwambia uko kwenye boza. Nitamwambia umelala. Ukishasajiliwa, basi, hawezi kukurudisha." Kisha akasema, bila kuniangalia, "Niachie gauni moja."

"La nini, Shangazi?"

"La kuanika."

Nilimpa la maua ya bluu. Alililowesha pale pale kwenye beseni, akalikamua, akalitundika kando ya suruali ya Baba Yohana, na maji yakaanza kudondoka kwenye vumbi. Baba mdogo alikaa zaidi ya miezi miwili bila kujua. Majirani wapya walidhani hapo pana baba, mama na binti. Nilikuwa Morogoro, darasani, nikijifunza kufundisha, na huku Mkonze nilikuwa nikifuliwa kila asubuhi.

Lakini hilo nililijua baadaye. Asubuhi ile nilitaka barabara tu. Mama Chilewa alikuwa ameshatangulia na begi kichwani, akinihimiza, nami nilikuwa nimeshapita mafiga, Shangazi aliponiita.

"Elika. Hukunimalizia."

"Nini, Shangazi?"

"Yule binti. Alitoka?"

Nilijua mwisho wa kitabu. Nilikuwa nimeusoma mara tatu. "Alitoka," nilisema. "Alitoka, Shangazi. Alikwenda chuo."

Alitikisa kichwa kwa furaha, na uso wake wote ukafunguka, nikauona ulivyokuwa kabla ya lile pagale. Halafu akafikiri kidogo. Alikuwa amesimama kwenye uwazi wa mlango, mkono mmoja juu ya banzi.

"Na nyumba?" aliuliza. "Nani alibaki na nyumba?"

Mama Chilewa aliniita kwa mara ya pili. Nikajifanya ni yeye tu niliyemsikia.